Je, Wajua? Mluzi wa Gari Unafuata Nini

Je, wajua kuwa mahali unapousikia mlio wa gari mara nyingi sipo ulipozaliwa? Chuma hubeba sauti. Mluzi wa difu husafiri kwenye propela shafti, ukaingia kwenye bodi, ukatokea chini ya kiti cha dereva. Ndiyo maana fundi makini haanzi kwa kuuliza mlio unatoka wapi. Huuliza unafuata nini.

Simamisha gari, weka gia huru, vuta breki ya mkono, kanyaga mafuta taratibu. Mluzi ukipanda na kushuka pamoja na injini, tafuta mbele: alteneta, pampu ya usukani, pampu ya maji, kompresa ya AC, puli za mkanda, au tabo kama gari linayo. Ukiwa kimya pale, ukaanza gari likitembea na kupanda kadiri spidi inavyoongezeka, tafuta chini: tairi, beringi za magurudumu, difu, giaboksi. Ukija pale tu unapozungusha usukani, shuku usukani wenyewe au beringi. Wapo waliolipia alteneta, kisha pampu, kisha beringi mbili za mbele, na mluzi ukabaki pale pale, kwa sababu hakuna aliyefanya jaribio hili kabla ya kushika spana. Fedha hiyo inauma, na ilikuwa ya kuepukika.

Je, wajua kwa nini gari la gia za mkono hulia likirudi nyuma? Gia za mbele zina meno ya mshazari: jino linaanza kugusana kabla ya lile lililotangulia kuachia, hivyo mzigo hupokezwa polepole. Rivasi kwenye magari mengi ina meno yaliyonyooka, yanayokutana kwa upana wake wote kwa mpigo mmoja. Ni rahisi kuyachonga, na rivasi hutumika kidogo. Mluzi huo si ugonjwa. Usikubali giaboksi ishushwe kwa ajili yake.

Je, wajua kuwa nembo ya Citroën ni meno ya gia? André Citroën aliona gia zenye meno ya umbo la V nchini Poland mwaka 1900, akanunua haki ya kuzitengeneza, akawa mwenye kiwanda cha gia miaka mingi kabla ya kuanza kuuza magari mwaka 1919. Sifa ya gia hizo ilikuwa utulivu: hupokezana mzigo polepole kama za mshazari, lakini hazisukumi shafti upande mmoja.

Je, wajua kuwa mluzi wa difu unakokotoleka? Chukua difu ambayo kraunwili yake ina meno 41, na tairi inayosafiri mita 2 kwa kila mzunguko. Kwenye kilomita 80 kwa saa, tairi huzunguka mara 11 hivi kwa sekunde. Zidisha kwa 41: meno yanakutana karibu mara 455 kila sekunde. Uzi wa pili wa fidla, ule ambao wapiga taarab wa Zanzibar huulinganisha kabla ya kuanza, kwa kawaida hutikisika mara 440. Kwa hiyo difu iliyochoka inaimba karibu noti hiyo hiyo. Hesabu hii inaeleza jambo linalowasumbua wengi: kwa nini mlio unajitokeza kati ya 70 na 90 kisha unapotea. Sehemu fulani ya bodi au shafti hutikisika vizuri zaidi kwenye noti hiyo, na inaikuza. Kuna programu za simu zinazoonyesha mitikisiko kwa sekunde. Abiria akishika simu huku wewe ukiendesha kwa spidi isiyobadilika, namba inayotokea inaweza kulinganishwa na idadi ya meno, na ubishi wa gerejini ukaisha.

Mguu wako nao ni chombo cha uchunguzi. Difu ikilia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, meno ya kraunwili na pinioni ndiyo washukiwa. Ikivuma vilevile ukikanyaga na ukiachia, geukia beringi za pinioni.

Je, wajua kuwa kubadilisha oili sili ya shilingi chache kunaweza kuiua difu nzima? Hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili linajirudia kila siku. Ndani ya difu nyingi kuna bushi nyembamba ya chuma inayobonyea pale nati ya pinioni inapokazwa. Kubonyea huko ndiko kunakozipa beringi mkazo wake sahihi. Fundi anafungua nati ili abadilishe sili, kisha anairudisha kwa mashine ya hewa mpaka igome. Bushi imebonyea kupita kiasi, beringi zimebanwa, zinapata joto, na baada ya muda mluzi unaanza. Mwenye gari anaambiwa difu ilikuwa mbovu tangu zamani. Njia sahihi ni kupima ugumu wa pinioni kuzunguka kabla ya kufungua, na kurudisha kipimo hicho hicho. Kikipitwa, bushi mpya inahitajika. Nafasi ya kucheza kati ya pinioni na kraunwili nayo hupimwa kwa vipande vya milimita: kwenye difu nyingi za Toyota ni kati ya 0.13 na 0.18. Haipimwi kwa kutikisa kwa mkono.

Na kraunwili hainunuliwi bila pinioni yake. Husuguliwa pamoja kiwandani na hupewa namba ya kuziunganisha. Ukiozesha pinioni ya gari moja na kraunwili ya jingine, umenunua mluzi.

Je, wajua kuwa namba 90 au 140 kwenye kopo la oili ya gia inaeleza uzito wa oili tu? Haisemi kama oili hiyo inafaa difu yako. Cha kutazama ni maandishi GL-4 au GL-5. Tangu Packard ilipoanza kutumia difu za pinioni iliyoshushwa chini ya katikati ya kraunwili, katika miaka ya 1920, meno ya difu hayaviringiani tu, yanateleza pia kwa shinikizo kubwa. Mtelezo huo unahitaji viambato vya salfa na fosforasi vilivyomo kwa wingi kwenye GL-5. Lakini viambato hivyo vinaweza kula vipande vya shaba ndani ya giaboksi nyingi za mkono, na ndiyo maana giaboksi hizo huandikiwa GL-4. Kumimina kopo moja kote kuwili ni kuokoa senti na kupoteza giaboksi.

Ukienda kubadilisha oili ya difu, fungua kwanza boliti ya juu, ya kujazia. Ikikatika au ikigoma, bado una oili ndani na gari linatembea. Anayeanza na ya chini hujikuta na difu kavu isiyojazika. Ute mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya boliti ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida.

Je, wajua kuwa mafuriko ya Aprili yanaweza kulia ndani ya gari lako mwezi Juni? Difu ikitoka safari huwa na joto, na hewa iliyomo imetanuka. Unapoingia kwenye maji, kama wanavyolazimika madereva wa Jangwani Dar es Salaam au waliokwama Nairobi kwenye masika ya 2024, hewa hiyo hupoa ghafla na kunywea. Difu inavuta. Kama kitundu chake cha kupumulia kimezibwa na matope, maji huvutwa kupitia kwenye sili. Hakuna dalili siku hiyo. Oili inageuka rangi ya maziwa, beringi zinaanza kushika kutu, na mvumo unakuja wiki kadhaa baadaye, wakati mafuriko yameshasahaulika. Aliyevuka maji yaliyofika kwenye ekseli afungue boliti ya juu wiki hiyo hiyo atazame rangi. Magari yanayokwenda porini hufungiwa mpira mrefu unaopandisha kitundu hicho juu, karibu na injini au tangi. Si pambo.

Je, wajua kuwa unapokata kona kushoto, uzito wa gari huegemea kulia? Kwa hiyo mvumo ukizidi kwenye kona ya kushoto na kupungua kwenye ya kulia, beringi ya gurudumu la kulia ndiyo ya kwanza kushukiwa. Pandisha gurudumu kwa jeki, weka gari kwenye stendi, shika springi ya shokapu kwa mkono mmoja na kuzungusha tairi kwa mwingine. Beringi iliyokufa utaihisi kwenye springi kama mchanga unaosagika, hata kama sikio halisikii.

Huu ndio mlio mmoja nisioukubalia uahirishwe. Difu inayolia inaweza kukuvumilia miezi. Beringi ya gurudumu ikichanika inaweza kugandisha gurudumu au kuliachia kabisa, na hilo hutokea barabarani ukiwa kwenye mwendo, watoto wakiwa nyuma.

Beringi za konikali, zinazobeba uzito wa gari na msukumo wa kona kwa pamoja, alizipatia hataza Henry Timken nchini Marekani mwaka 1898. Kanuni yake haijabadilika: nyuso zake ni laini sana. Fundi anayeiingiza beringi kwa nyundo anaacha alama ndogo kwenye njia ya goroli, na beringi mpya inaanza kuvuma kabla ya oili ya injini kufika muda wa kubadilishwa. Inahitaji presi. Na kwenye magari yenye ABS, beringi nyingi zina sumaku upande mmoja. Ikiingizwa kinyume, taa ya ABS haitazimika.

Je, wajua jinsi ya kutofautisha tairi na beringi bila kufungua chochote? Badilisha barabara. Ukitoka kwenye lami mbaya ukaingia kwenye lami mpya laini na mvumo ukabadilika mara moja, ni tairi. Beringi haijali lami. Tairi iliyolika kwa mabonde-mabonde kwa sababu ya shokapu zilizochoka huvuma kama beringi kabisa, na shokapu ndizo za kutibiwa kwanza. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma: mvumo ukihama nazo, umepata jibu bure. Watengenezaji wa tairi kwa makusudi huchonga vibonge vya ukubwa tofauti kwenye tairi moja ili sauti zake zitawanyike, zisijikusanye kuwa noti moja.

Je, wajua kuwa gari lako huenda halina pampu ya usukani? Chrysler ndiyo iliyoanza kuuza usukani wa pampu kwa magari ya abiria, kwenye Imperial ya mwaka 1951, na kwa miongo kadhaa mluzi wa kukata kona ulimaanisha pampu hiyo. Kisha mwaka 1988 Suzuki Cervo ikaja na usukani wa mota ya umeme. Leo Honda Fit, Prius na magari madogo mengi yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam hayana pampu wala oili ya usukani.

Kwa wenye pampu: inayolia mara nyingi inalilia oili. Funua kopo injini ikiwa inawaka. Ukiona povu, hewa inaingia, aghalabu kwenye mpira wa kuvutia au kiraba cha kiungo chake, na kuongeza oili peke yake hakutasaidia. Ziba, jaza, nyanyua magurudumu ya mbele, kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho taratibu injini ikiwa imezimwa mpaka mapovu yaishe. Oili ni ile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Gari la Kijerumani linalotaka oili ya kijani halitaki nyekundu. Na oili ya breki isiingie humo kamwe, huharibu sili. Kushikilia usukani umejikunja mpaka mwisho, kama tunavyofanya tukiegesha sehemu finyu, huchemsha oili. Ulegeze kidogo tu.

Je, wajua kuwa maji kidogo yanaweza kupima mkanda? Mkanda ukipiga kelele, urushie maji upande wa mifereji yake, mikono na nguo zikiwa mbali na feni. Kelele ikinyamaza sekunde chache kisha ikarudi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Ikizidi, mkanda unateleza: umelegea au umechoka. Wapo wanaoupaka sabuni. Sabuni inanyamazisha leo na kesho mkanda unateleza zaidi. Tena mikanda ya siku hizi haionyeshi nyufa kama ya zamani. Hulika kimya kimya kwenye mifereji, na ikionekana mizima si lazima iwe mizima.

Kama si mkanda, uvue injini ikiwa ya baridi na uwashe gari kwa nusu dakika tu, kwani pampu ya maji inaweza kuwa inategemea mkanda huo huo. Mluzi ukiwa umetoweka, zungusha kila puli kwa kidole. Inayokwaruza ndiyo.

Je, wajua kuwa mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaiweka kifuani kwa mgonjwa, na chombo cha kusikilizia mapigo ya moyo kikaanza? Fundi anayeweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye alteneta na mpini kwenye mfupa wa sikio anafanya jambo hilo hilo. Beringi mbovu huunguruma kwenye bisibisi. Nzima huwa na mvumo laini. Jihadhari na feni ya umeme, huwaka bila taarifa.

Je, wajua kuwa mluzi mwingine hauko kwenye gari, uko redioni? Zima redio kabisa. Ukinyamaza, tatizo ni umeme. Alteneta nyingi zina ncha 12 za sumaku na hutoa mapigo 36 ya umeme kwa kila mzunguko; injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa mafuta, hiyo ni karibu mara 1,200 kwa sekunde. Daiodi ikifa, au waya wa hasi ukishika kutu, mapigo hayo huingia kwenye spika. Pima betri injini ikiwa inawaka: kwenye magari mengi volti huwa kati ya 13.8 na 14.5.

Je, wajua kuwa petroli ndiyo inayopoza pampu ya mafuta? Pampu iko ndani ya tangi, na mota yake hupozwa na mafuta yanayoizunguka na kupita ndani yake. Anayeendesha kila siku taa ya mafuta ikiwa inawaka anaichemsha. Mluzi wake husikika kutoka chini ya kiti cha nyuma, hata gari likiwa limesimama. Hata kama huishi mbali na kituo, weka robo tangi iwe sifuri yako.

Klachi, kwa haraka. Gari limesimama, gia huru: mluzi ukisikika mguu ukiwa nje ya pedali na kunyamaza ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Ukianza pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi.

Giaboksi za CVT, zilizojaa kwenye Fielder, Fit na Note, zina mvumo wake wa asili, kwa sababu mkanda wa chuma hubanwa na puli mbili badala ya kutumia gia. Hub van Doorne wa Uholanzi aliiweka kwenye DAF 600 mwaka 1958, wakati huo kwa mikanda ya mpira. Mvumo mdogo usikutishe. Mvumo unaokua, pamoja na gari kusita, ni wa kutibiwa mara moja, na oili yake ni ya CVT tu. Oili ya kawaida ya giaboksi ya otomatiki inaiharibu.

Tabo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hivyo mluzi mwembamba ni haki yake. Mluzi uliozidi ghafla, pamoja na nguvu kupungua, aghalabu ni mpira wa hewa uliochanika. Kagua huo kabla hujauziwa tabo.

Je, wajua kuwa pedi za breki nyingi zina kibati kilichowekwa makusudi kipige kelele? Hugusa diski pedi ikibaki milimita 2 au 3. Kelele ikinyamaza ukikanyaga breki, kibati kinakwambia muda umefika.

Na mluzi unaoanza juu ya 80 na kubadilika upepo wa ubavuni ukivuma ni wa keria au mpira wa kioo. Zungushia kamba kwenye vyuma vya keria, mizunguko iliyoachana. Huvunja mpangilio wa upepo unaotengeneza noti. Kwa mpira wa kioo, bandika solotepu kwenye mwanya mmoja baada ya mwingine mpaka utakaponyamaza.

Je, wajua kuwa kwenye Matilda, kitabu cha Roald Dahl cha mwaka 1988, baba wa msichana mwenye jina hilo huuza magari mabovu baada ya kujaza unga wa mbao kwenye giaboksi? Dahl hakuubuni ujanja huo, ni wa kweli na wa zamani. Unga hufyonza oili na kujaza nafasi kati ya meno, sauti inafifia kwa muda, kisha gia zinakwisha kabisa. Ukinunua gari la mtumba lililo kimya kupita umri wake, omba oili ya difu na ya giaboksi itazamwe kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Je, wajua kuwa gari la umeme linapigishwa kelele kwa sheria? Umoja wa Ulaya umetaka magari mapya yote ya umeme, tangu Julai 2021, yatoe sauti chini ya kilomita 20 kwa saa ili waenda kwa miguu na wasioona wayasikie. Nissan Leaf ilikuwa na sauti hiyo hata kabla. Kwa hiyo Leaf ya mtumba ikivuma polepole mtaani na kunyamaza inapochanganya mwendo, hakuna beringi ya kubadilisha. Ni spika, na iko mbele ya gari.